Msimu wa 2017/2018: Vonn alishinda raundi nne za kuteremka, Goggia mbili, na tufe likaenda kwa Goggia kwa alama 3

Upepo wa Msimbati (mleta uzi):

Wakuu, habari za jioni. Niko hapa Shangani, Mtwara, umeme upo na bando lipo, kwa hiyo uzi utakuwa mrefu. Nitauweka vipande vitatu, naomba mnivumilie hadi nimalize cha tatu ndipo tupambane kwa hoja.

Jukwaa hili limejaa mpira wa miguu na ngumi. Mimi naleta mbio za wanawake za kuteremka kwenye theluji kwa skii, zile mbao ndefu zinazofungwa miguuni. Ni mchezo ninaoupenda kwa dhati, na kalenda yake inatufaa sisi wa Kusini: raundi zinaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, zinafungwa Machi. Huo ndio wakati mvua zinapiga na minada ya korosho inaelekea ukingoni. Raundi za Ulaya mara nyingi zinaangukia saa saba au saa nane mchana kwa saa zetu, kabla vibanda umiza havijafungua mechi za Uingereza. Za Canada, zilipokuwepo, zilikuwa usiku, watoto wakishalala.

Nazungumzia msimu mmoja tu, 2017/2018, na wanawake wawili. Lindsey Vonn wa Marekani, wakati ule ana miaka 33. Sofia Goggia, binti wa Bergamo, Italia, miaka 25. Vonn alishinda raundi nne za kuteremka msimu ule. Goggia alishinda mbili. Tufe la kioo, yaani kombe analopewa bingwa wa msimu, akabeba Goggia kwa alama 509 dhidi ya 506.

Wengi wanaosimulia msimu ule wanaanzia siku ya mwisho kule Åre, Sweden. Mimi nasema tufe lile halikuamuliwa Åre. Liliamuliwa kwenye siku mbaya za Vonn, na kwenye siku ambazo Goggia alifungwa akakubali kuwa wa pili. Natetea hoja hiyo mpaka mwisho wa uzi.

KIPANDE CHA KWANZA

Kwa wasioujua mchezo. Mteremkaji anatoka juu mlimani peke yake, anapita kwenye mageti yaliyopangwa, anafika chini, saa inamsoma hadi sekunde 0.01. Mwenye muda mdogo kuliko wote ndiye mshindi. Hakuna mteremko wa pili wa kurekebisha makosa kama kwenye slalomu, mbio za kona fupi fupi, ambako wanashuka mara mbili na muda unajumlishwa. Hapa ni mara moja tu. Ndiyo maana kanuni zinamlazimisha kila mtu kushiriki mazoezi rasmi kwenye njia ileile kabla ya siku ya mashindano. Huwezi kuja asubuhi ukarushwa mlima usioujua kwa mwendo ule.

Skii za wanawake za kuteremka hazipungui sentimeta 210, ni ndefu kumpita mvaaji. Mwendo unapita kilomita 100 kwa saa sehemu nyingi. Na msidhani wanateremka kwenye theluji laini ile ya kwenye kalenda za ukutani. Waandaaji wanaipiga maji mpaka inakuwa barafu, kwa sababu theluji laini ingechimbika kwa wateremkaji wa mwanzo na waliobaki wangekuta mifereji. Kinachomshikilia mtu juu ya barafu hiyo ni ukingo wa chuma pembeni mwa skii, unaonolewa upya kila raundi. Chini ya skii inapakwa nta, na nta inachaguliwa kwa kuangalia joto la theluji na unyevu wake siku ile. Ukikosea nta, hata uwe na mapaja ya chuma, sehemu za mteremko mdogo utaachwa.

Sasa hesabu moja ya kushika. Kwa kilomita 100 kwa saa mtu anakwenda karibu mita 28 kila sekunde. Kwa hiyo sekunde 0.01 ni sentimeta 28 hivi. Tutairudia.

Alama: wa kwanza 100, wa pili 80, wa tatu 60, wa nne 50, wa tano 45, inashuka hivyo mpaka wa 30 anayepata 1. Asiyemaliza anapata sifuri. Raundi ya mwisho ya msimu ina ukali wake, wanaopata alama ni 15 wa juu tu. Kila aina ya mbio ina tufe lake dogo, na kuna tufe kubwa la jumla ya aina zote. Kubwa msimu ule lilikwenda kwa Mikaela Shiffrin wa Marekani, na la supa-ji, mbio za kasi zenye kona nyingi kuliko za kuteremka, alichukua Tina Weirather wa Liechtenstein. Hapa nazungumzia dogo la kuteremka.

KIPANDE CHA PILI

Raundi zilikuwa nane. Mbili Lake Louise, Canada. Moja Bad Kleinkirchheim, Austria. Mbili Cortina d'Ampezzo, Italia. Mbili Garmisch, Ujerumani. Ya kufungia Åre.

Lake Louise ni nyumbani kwa Vonn kuliko hata nyumbani kwao. Katika maisha yake ya michezo alishinda mara 18 mlima ule mmoja. Kwa hiyo tarehe 1 Desemba 2017 kila mtu alitegemea alama 100 ziko mfukoni. Na kweli alikuwa anakwenda vizuri, saa za katikati zinamwonyesha yuko mbele. Akaanguka karibu na mwisho, akaingia kwenye nyavu. Mshindi akawa Cornelia Hütter wa Austria. Vonn sifuri.

Kesho yake akashuka tena mlima uleule, wa 12, alama 22. Mshindi siku hiyo ni Shiffrin, ambaye watu walimjua kwa slalomu. Ndio ulikuwa ushindi wake wa kwanza wa kuteremka.

Kwa hiyo kwenye uwanja ambao alikuwa malkia, raundi mbili, Vonn kaondoka na alama 22 kati ya 200. Mimi nikiangalia jedwali la msimu ule macho yangu yanakwama hapo kila mara.

Januari, Bad Kleinkirchheim. Goggia wa kwanza, 100. Vonn wa 27, alama 4. Naomba msiipite alama 4 hiyo haraka.

Cortina. Njia inaitwa Olimpia delle Tofane, na kuna sehemu karibu na juu ambapo mteremkaji anapita katikati ya kuta mbili za mwamba, njia imebanwa, mteremko umesimama, na akitoka pale mwendo unapita kilomita 120. Tarehe 19 Januari Goggia akashinda mbele ya watu wake, Vonn wa pili. Tarehe 20 Vonn akajibu, wa kwanza. Ulikuwa ushindi wake wa 79 wa Kombe la Dunia la skii, ndilo jina la raundi hizi za msimu mzima, kwa jumla ya mbio za aina zote.

Garmisch, mwanzoni mwa Februari. Siku mbili mfululizo, Vonn wa kwanza, Goggia wa pili. Siku ya kwanza tofauti ni sekunde 0.02. Rudini kwenye hesabu yetu: kwa mwendo wa kilomita 100 ni sentimeta 56, baada ya mlima mzima. Siku ya pili tofauti ni 0.11.

Jiwekeni kwenye nafasi ya Goggia. Umefungwa kwa sentimeta 56 Jumamosi. Jumapili unarudi kileleni, mlima uleule, mpinzani yuleyule, miguu imechoka. Wengi hapo wanafanya moja kati ya mawili: wanaingiwa hofu wanakuwa wa nane, au wanapandwa na hasira wanakata kona wanaishia kwenye nyavu. Yeye akawa wa pili tena, alama 80 nyingine.

KIPANDE CHA TATU

Katikati ya msimu kulikuwa na Olimpiki ya PyeongChang, Korea Kusini. Mbio za kuteremka zilikuwa Jeongseon, tarehe 21 Februari 2018. Goggia dhahabu. Ragnhild Mowinckel wa Norway fedha, nyuma kwa 0.09. Vonn shaba. Babu yake Vonn alipigana vita ya Korea na alifariki Novemba 2017, miezi michache kabla mjukuu hajafika kwenye nchi hiyo. Vonn alilia pale chini mbele ya kamera, na mimi sioni aibu kusema nililia naye. Olimpiki lakini haina alama za msimu. Ya supa-ji, ambako Ester Ledecká wa Czech alimpita Anna Veith kwa sekunde 0.01, nitaifungulia uzi wake.

Åre, tarehe 14 Machi. Kabla ya kushuka: Goggia 429, Vonn 406. Tofauti 23. Maana yake ni kwamba Vonn akishinda, Goggia lazima awe wa pili. Wa tatu hakumfai, angepata 60, jumla 489, Vonn ana 506.

Vonn akashinda. Goggia wa pili, nyuma kwa 0.06. Alice McKennis wa Marekani wa tatu. Mwisho 509 kwa 506.

Nimeirudia video ile ya Goggia mara nyingi, nikiisimamisha na kuiachia. Ukiangalia mikono yake, iko mbele ya magoti muda wote, ngumi karibu na kidevu, na kila akifika kwenye tuta la ardhi linalomrusha hewani anaivuta miguu juu mapema ili asikae hewani muda mrefu. Hewani huongezi mwendo, unaupoteza. Kuna mahali kiwiko kinamtoka pembeni, upepo unamshika, nusu sekunde tu, anakirudisha. Huyo si mtu anayelinda nafasi ya pili. Alikuwa anatafuta ushindi kwa nguvu zote, na nguvu hizo zikamtosha kuwa wa pili.

Ndiyo hoja yangu. Raundi tano za Goggia, ushindi mbili na nafasi ya pili mara tatu, ni alama 440. Nyingine 69 alizichuma kwenye zilizobaki. Vonn ana ushindi nne na nafasi ya pili moja, alama 480, halafu raundi tatu zilizobaki zikampa 26 tu. Hapo ndipo tufe lilipotoka.

Nimemaliza. Karibuni.

Mkongwe wa Mikindani:

Dada, uzi umeshiba, hongera. Ila hoja yako siikubali na nitakuambia kwa nini.

Mtu ameshinda nne kati ya nane. Nusu ya msimu! Mwenzake mbili. Kwenye mchezo ambao lengo lake ni moja tu, kufika chini kabla ya wote, bingwa ni nani? Kanuni inayompa wa pili alama 80 kwa 100 inawabembeleza waliofungwa. Mpira wa miguu uliliona tatizo hili. Zamani ushindi ulikuwa alama 2 na sare 1, timu zikawa zinacheza kutafuta sare. Wakapandisha ushindi kuwa alama 3. Kwa nini skii wasifanye hivyo?

Mimi ni mtu wa Ndanda, nimeangalia mpira Nangwanda Sijaona tangu zamani, najua ligi ni marathoni. Lakini ushindi nne kwa mbili si kitu cha kufunikwa na hesabu.

Upepo wa Msimbati:

Mzee wangu, shikamoo. Hoja yako ni nzito.

Kwanza, kiwango hicho si cha jana. Kombe la Dunia la skii lilianza 1967, na wakati ule mshindi alipata 25, wa pili 20, wa tatu 15. Ni uwiano uleule wa 100, 80, 60. Kwa hiyo wote wawili walijua bei za sokoni kabla hawajatoka nyumbani.

Pili, mfano wa mpira haukai sawa. Kwenye mpira sare unaweza kuipanga: unajaza watu nyuma, unapoteza muda. Kwenye kuteremka huwezi kupanga kuwa wa pili. Goggia akiwa juu Garmisch hajui kwa uhakika muda gani utampa nafasi gani. Wapo watakaoshuka baada yake. Njia pekee ya kupata 80 ni kujaribu kupata 100. Ukipunguza mwendo kidogo ili ujilinde, huwi wa pili, unakuwa wa 15. Kwa hiyo 80 haimbembelezi mtu. Aliyezipata alikuwa amehatarisha shingo yake sawasawa na aliyepata 100, na wametofautiana kwa sentimeta 56.

Mkongwe wa Mikindani:

Marahaba mwanangu. Hapo kwenye kupanga sare umenibana. Hapo kwenye nne kwa mbili bado sijatoka.

Korosho Daraja la Kwanza:

Naweka kambi hapa. Nimechukua kalamu nikapiga hesabu. Kwa hiyo Vonn alihitaji alama 4 zaidi ili awe na 510 ampite. Pale Bad Kleinkirchheim badala ya wa 27 angekuwa wa 23, yaani alama 8, basi biashara imekwisha. Nafasi nne tu mkuu! Watu wanne ambao hata majina yao hayatajwi kwenye habari.

Upepo wa Msimbati:

Umefanya jambo ambalo nilitamani mtu alifanye. Ila hazikuhitajika hata 4. Alama 3 zingetosha, na hapa Mzee wa Mikindani atafurahi. Wakilingana alama, anayetazamwa ni mwenye ushindi mwingi. Ilitokea kweli upande wa wanaume, 2014, slalomu kubwa, ile yenye kona pana kuliko slalomu ya kawaida: Ted Ligety na Marcel Hirscher walimaliza sawa alama 560, tufe akapewa Ligety kwa sababu alishinda raundi nyingi zaidi.

Kwa hiyo Vonn akiwa wa 24 badala ya wa 27 anapata 7 badala ya 4. Jumla 509 kwa 509. Ushindi nne kwa mbili. Tufe ni la Vonn, la tisa la kuteremka, maana alishakuwa na manane.

Nafasi tatu, katikati ya kundi, siku ambayo yeye mwenyewe pengine alifungua viatu akidhani raundi ile haina maana tena. Ndiyo maana nilisema msiipite ile alama 4 haraka.

Mkongwe wa Mikindani:

Kumbe kanuni inaujua ushindi, ila inaungoja mpaka walingane! Mwanangu, hiyo ilipaswa kuwa kwenye kipande cha kwanza. Imenipunguzia hasira.

Nesi wa Zamu Lindi:

Habari zenu. Mimi niko Lindi mjini, kazi yangu ni hospitali, mchezo huu nauona kupitia magoti. Kila nikikutana na habari ya mteremkaji wa kike naona goti limekatika. Kwa nini magoti, na si vifundo vya miguu? Naomba mleta uzi aeleze kama anajua.

Upepo wa Msimbati:

Dada nesi, kiatu ndio jibu. Kiatu cha skii ni kigumu mpaka juu ya kifundo, kinaubana mguu hadi katikati ya muundi. Zamani viatu vilipokuwa vifupi na laini, vifundo na mifupa ya chini ndivyo vilivunjika. Kiatu kikaimarishwa, kifundo kikasalimika, lakini nguvu ya kusokota haipotei. Inapanda. Kituo kinachofuata ni goti. Sasa weka ubao wa zaidi ya mita mbili chini ya mguu, ukingo wake unase kwenye barafu huku mwili unaendelea na safari, utaelewa kwa nini kano ile ya mbele ya goti inakatika.

Vonn aliumia goti vibaya Schladming, Austria, Februari 2013. Akaliumiza tena Novemba mwaka huohuo mazoezini, akaikosa Olimpiki ya Sochi 2014. Novemba 2016 akavunjika mkono. Huyo ndiye aliyekwenda kushinda raundi nne mwaka 2018. Ukimwona anashuka Åre kumbuka goti lake.

Goggia naye amepasuliwa magoti tangu ujana. Januari 2022 akaanguka Cortina, akaumia goti na mfupa wa mguu, na siku 23 baadaye akachukua fedha ya kuteremka kwenye Olimpiki ya Beijing, nyuma ya Corinne Suter wa Uswisi.

Siku hizi kuna fulana yenye mfuko wa hewa ndani ya vazi, inayofumuka mteremkaji akianguka, na kuanzia msimu wa 2024/2025 imekuwa lazima kwenye mbio za mwendo kasi. Inalinda mgongo na kifua. Goti bado halijapata mlinzi wake.

Nesi wa Zamu Lindi:

Asante sana. Hilo la nguvu kupanda kutoka kifundo ni sawa kabisa, na watu wa vyumba vya majeruhi wanalijua. Siku 23 lakini! Mimi kama nesi nisingemruhusu.

Jiwe la Nachingwea:

Wakuu, sitaki kuharibu uzi wa mtu. Nauliza kwa nia njema. Sisi huku jua linachoma, theluji hatujawahi kuigusa. Hawa dada wanatuhusu nini? Nguvu hii si bora tuiweke kwa mabinti zetu wanaokimbia peku kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari?

Upepo wa Msimbati:

Kaka, swali lako ni la haki na nalijibu kwa moyo wote.

Vijana wetu wa Ruangwa wanaipenda Namungo, na papo hapo wanajua majina ya wachezaji wa akiba wa timu za Uingereza ambazo hawatakanyaga viwanja vyake. Hakuna anayewauliza kinachowahusu. Mchezo mzuri unamhusu anayeuangalia. Mbona swali hili linakuja pale wanaocheza wanapokuwa wanawake?

Na kuhusu mabinti wa UMISSETA tuko pamoja kabisa. Mashindano yale yalifanyika hapa Mtwara mwaka 2021. Nawapenda, na nataka wajue kwamba yupo mwanamke aliyerudi kileleni Jumapili baada ya kufungwa kwa sentimeta 56 Jumamosi. Msichana wa mita 800 wa Tandahimba anaweza kulielewa jambo hilo bila kugusa theluji.

Halafu usidhani pwani yetu haijawahi kufika huko. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi, Kenya, akakulia Austria, alikuwa kwenye Olimpiki ileile ya PyeongChang 2018 akiwakilisha Kenya. Alishuka kwenye supa-ji, siku ileile ya Ledecká na Veith, mlima uleule.

Jiwe la Nachingwea:

Kilifi? Hili nilikuwa silijui kabisa. Nimejibiwa, dada. Naenda kumtafuta huyo Simader.

Korosho Daraja la Kwanza:

Mkuu nirudi kwenye hoja yako, maana nimeipenda na ndiyo maana nataka kuitikisa. Umesema tufe linaamuliwa na siku mbaya, anayemaliza kila raundi ndiye anayebeba. Mbona Goggia huyohuyo msimu wa 2020/2021 alishinda raundi nne mfululizo, akaumia mwishoni mwa Januari, akakosa raundi zilizofuata, na tufe akapewa? Hapo ushindi ulishinda, kumaliza hakukumsaidia mtu.

Upepo wa Msimbati:

Umenishika pazuri. Ni kweli, na alipona haraka akawa tayari kurudi kwenye raundi ya kufungia Lenzerheide, Uswisi, lakini hali ya hewa ikaifuta. Suter aliyekuwa anamfukuza akakosa nafasi ya mwisho.

Lakini tazama tofauti. 2021 Goggia aliweka akiba ya alama 400 kwenye raundi nne kabla hajaumia. Siku mbaya zilimkuta akiwa na akiba. Vonn 2018 siku zake mbaya zilimkuta mwanzoni, hana akiba, akalazimika kuwa kamili kuanzia Cortina mpaka Åre. Na alikuwa karibu kamili! Raundi tano za mwisho alipata 80, 100, 100, 100, 100. Sijui nani mwingine angeweza kufanya hivyo akiwa na miaka 33 na goti lile. Kwa hiyo hoja naibakiza, naiongezea: siku mbaya ina bei tofauti ikija Desemba na ikija Februari.

Korosho Daraja la Kwanza:

Hapo sawa. Nakubali nusu.

Mkongwe wa Mikindani:

Mimi nilikuwa wa Vonn kabla ya uzi, bado ni wa Vonn. Ila binti wa Bergamo nimemheshimu. Swali la mwisho kabla sijalala: ni kweli Vonn aliomba ashuke na wanaume?

Upepo wa Msimbati:

Kweli. Mwaka 2012 aliomba kushiriki raundi ya wanaume palepale Lake Louise, shirikisho la kimataifa la skii likakataa, likasema kila jinsia ina Kombe lake. Hakuacha kuliongelea kwa miaka kadhaa. Alistaafu Februari 2019 baada ya kupata shaba ya kuteremka kwenye mashindano ya ubingwa wa dunia, tena palepale Åre, akiwa na ushindi 82. Shiffrin akaipita idadi hiyo Januari 2023. Kisha Vonn akarudi msimu wa 2024/2025, sehemu ya goti lake ikiwa imewekewa kiungo cha bandia, na Machi 2025 akawa wa pili kwenye supa-ji ya Sun Valley, Marekani, akiwa na miaka 40.

Nesi wa Zamu Lindi:

Goti la bandia, kilomita mia kwa saa. Mleta uzi, msimu ukianza nitag. Nikiwa zamu ya usiku, hizo za mchana nitaziangalia.

Upepo wa Msimbati:

Nitakutag dada. Kesho nikipata nafasi naweka jedwali la raundi zote nane, alama za kila mmoja pembeni, ili Mzee wa Mikindani na Korosho Daraja la Kwanza waendelee kubishana wakiwa na namba mbele yao. Mwenye video kamili ya Lake Louise ya tarehe 1 Desemba 2017, kuanzia Vonn anapotoka juu, naomba aiweke hapa. Niliyonayo imekatwa, inaanzia anapoanguka, na mimi nataka kuona mageti ya kabla.